Shina la Langoni

Lile shina kubwa la mchaichai lililoota langoni mwa bustani yetu halikuwa la mbegu. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba ni la mbegu: wateja, majirani, bwana shamba wa kata, na ninyi wenyewe mlipokuja kujifunza kazi mkaniuliza kwa nini mimi ninayehubiri kugawa mashina kila baada ya misimu miwili nimeliacha hilo moja linenepe kama ng'ombe wa mahari. Nikawajibu kwa sauti ya darasani kwamba kila bustani lazima iwe na shina mama. Hakuna kitu kama hicho. Nilikitunga pale pale nikiwa nimesimama. Shina lile lilikuwa la kumngoja mdogo wangu Tito, na sikutaka mtu ajue kwamba mwanamke mzima mwenye shahada yake anaweza kumngoja mtu kwa kutokata majani.

Mmeniomba niwaandikie niliyojifunza katika kazi hii kabla sijayasahau. Nimestaafu, ingawa hilo ni neno kubwa kwa mtu ambaye hakuwahi kuajiriwa. Hakuna aliyeniaga kwa keki. Goti la kulia ndilo lililoamua, nami nikatii, kwa sababu ukishabishana na goti kwenye mteremko wa Mbozi, unashuka haraka kuliko ulivyopanga.

Tuanze na mikono. Jani la mchaichai lina makali pembeni, na mtu huyajua akishajikata. Siku ya kwanza niliingia kwenye matuta na blauzi ya mikono mifupi, nikatoka nimechanjwa kama mtu aliyetoka kwa mganga. Vaeni mikono mirefu. Kateni umande ukishakauka, kwa mundu mkali, na muache kiganja kimoja cha shina juu ya udongo. Ukishuka hadi penye weupe umelikata shingo, na mvua ikiingia humo linaoza. Msikate baridi ya Juni ikishaanza. Jirani mmoja aliyehamia Ibaba alichukua vipando kwangu, akavikata vizuri kabisa katikati ya baridi, akanipigia simu kulalamika kwamba nimemuuzia majani yaliyokufa. Nikamwambia yalikuwa hai yalipotoka kwangu. Akasema hata yeye alikuwa mzima alipotoka kwao, sasa anakohoa.

Na jambo moja nawasihi. Mteja akiwaambia mtoto ana homa, mwambieni aende zahanati kwanza. Chai ya mchaichai hutuliza tumbo lenye gesi, humfariji mwenye mafua, na humpa mgonjwa kitu cha moto cha kushika mikononi. Zaidi ya hapo msiahidi. Nimewapoteza wateja kwa kusema hivyo, na nimelala usingizi.

Nilirudi nyumbani kutoka chuo kikuu na shahada ya sosholojia na sanduku la vitabu. Kazi haikupatikana. Baba alikuwa mkulima wa kahawa, kama baba yake alivyokuwa, na baada ya kuniona nikikaa barazani mwezi baada ya mwezi akanipa kona ya shamba chini kabisa ya mteremko.

"Panda unachotaka," alisema. "Hapo kahawa imekataa. Hata magugu yanalalamika."

Wazo la mchaichai lililetwa na Tito, mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa amekwenda Itumba kumsalimia rafiki yake, akawaona kinamama wakiuza mafungu ya majani mabichi sokoni, akarudi na vipando vimefungwa kwenye gunia lenye maji. Mimi niliongeza elimu, maana yake nilichora ramani ya bustani kwa kalamu za rangi. Yeye akalima.

Mmea ulikubali. Mchaichai ukipata mteremko usiotuama maji, hauna maringo. Tukavuna, ukatushinda wingi, tukaona tuukaushe. Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani linafanywa na watoto wa wakulima wa kahawa peke yao. Ninyi mliokulia huku mnajua: kwetu kila kinachotakiwa kukauka kinapanda juu ya kichanja. Kahawa kwenye kichanja, maharage kwenye kichanja, hata godoro la mtoto aliyekojoa. Haikutupitia akilini kwamba kuna kitu duniani kinachokauka vizuri kivulini. Tukautandaza mchaichai kwenye vichanja vya baba, juu ya magunia yake, juani, tukiugeuza kwa viganja taratibu kama tulivyofundishwa kuigeuza kahawa. Ukatoka kama nyasi za kuezekea. Hauna rangi wala harufu.

Lakini harufu haikupotea. Ilikuwa imehamia kwenye magunia.

Wiki iliyofuata baba akamwaga kahawa yake humo humo. Kahawa hunywa harufu ya jirani yake, hilo analijua kila mtu, ndiyo maana haikai chumba kimoja na mafuta ya taa wala sabuni. Lakini nani aliwahi kuwaza kwamba majani ya chai nayo ni jirani? Baba alipeleka magunia yake kwenye chama cha msingi cha ushirika akiwa amevaa koti lake la kanisani, kama kila mwaka. Mwonjaji akaonja, akatema, akaonja tena.

"Mzee," alisema, "hii umeipitisha jikoni?"

Watu walicheka. Hawakumcheka kwa ubaya, ila walicheka. Kahawa yake ikawekwa pembeni pamoja na mabaki ya kuchagua chagua, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa akitajwa kwa mfano.

Jioni alituita sebuleni. Akauliza nani aliyeanika yale majani. Nikasema ni mimi, na wazo la vichanja lilikuwa langu, jambo ambalo ni kweli. Baba akanitazama kwa huruma.

"Usimtetee," akasema. "Mtu aliyesoma kama wewe hawezi kufanya ujinga huu."

"Baba, nimekwambia ni mimi."

"Nimesikia. Umeonyesha upendo." Akamgeukia Tito. "Na wewe, kama kuanika kumekushinda, nenda Tunduma ukabebe mizigo. Huko hakuna cha kunusa."

Shahada yangu haijawahi kunipatia kazi. Jioni ile ilinipatia msamaha ambao sikuuomba, na hakuna njia ya kuurudisha msamaha wa namna hiyo. Nilijaribu tena asubuhi. Baba alisema uji unapoa.

Tito aliondoka siku chache baadaye. Tulikuwa na kipando kimoja kilichobaki, kimeanza kunyauka, naye akasema si vizuri kukitupa. Akachukua jembe, akachimba langoni. Mimi nilikuwa hapo hapo, nikimwambia mambo yote ambayo mtu humwambia mdogo wake asiondoke, hata kwamba mama angekuwa hai asingekubali. Akapiga udongo kwa kisigino.

"Hili msiligawe mpaka nirudi," alisema. "Nitaligawa mwenyewe."

Akapanda gari. Tunduma, kisha ng'ambo ya mpaka, Zambia.

Sasa lazima niwaeleze habari za Shangazi Tamali, dada yake baba, kwa sababu mengi mnayoyasikia kwangu yalikuwa yake, na nusu yake ni makosa. Alikuja kukaa nasi mwaka ule na kujiteua msimamizi wa bustani. Alinifundisha kupunguza mizizi na majani kabla ya kupanda kipando, kiwe kifupi kama kidole, ili kisihangaike kulisha mwili mkubwa. Hilo ni kweli. Alinifundisha kupanda mvua za kwanza zikishashika, si kabla. Kweli. Alinifundisha kuanika majani darini kwenye upepo, yakining'inia vichwa chini, na kutoyafunga kwenye mifuko mpaka yavunjike kwa mlio. Kweli tena. Lakini alisema pia kwamba mchaichai hufukuza nyoka, akaupanda mstari mzima kuzunguka choo. Siku moja alikwenda kukata majani ya chai ya asubuhi akamkuta nyoka amejikunja katikati ya shina, amelala kama mpangaji aliyelipa kodi. Shangazi alirudi ndani bila viatu.

"Huyo ni mgeni," alisema alipopata pumzi. "Hajui."

Kanuni yake kubwa ilihusu kugawa. Alisema shina jipya hugawiwa kwanza na mkono uliolipanda. Akianza mwingine, halitulii. Alikokuwa ameolewa walifanya hivyo kwa migomba, yeye akahamishia kwenye mchaichai. Sijaona ushahidi wowote. Nimegawa mashina ya watu wengine mamia na yametulia sana. Lakini kwa lile la langoni, kanuni ya Shangazi ilinifaa, nikaishika kuliko mwenyewe alivyoishika. Nikawa nasema ni la mbegu, na moyoni nasema mwenyewe hajafika.

Miezi ya kwanza Tito alituma salamu kwa watu. Tunduma kila mtu ana shemeji upande wa pili, habari huvuka bila pasi. Ameonekana Nakonde anapakia viazi. Ameonekana kwenye karakana ya matairi. Amekwenda Kitwe. Kisha salamu zikaacha kuja. Namba tuliyokuwa nayo ikaanza kupokelewa na mwanamke aliyesema kwa Kibemba kitu ambacho binamu yetu alinitafsiria kwamba tumekosea, tusipige tena.

Mimi nikaanza kuuza Tunduma. Niliwaambia nyumbani ni kwa sababu ya soko, na kwa kweli lilikuwa soko zuri. Mnajua foleni ya malori ilivyo: madereva wanakaa siku kadhaa wakingoja kuvuka, wamechoka, tumbo limekorogeka kwa chakula cha njiani, baridi ya usiku inawaingia. Mtu wa hali hiyo ukimpa kikombe cha mchaichai anakuona kama mama yake. Nilijifunza kusalimia kwa Kibemba. "Mwapoleni, mayo," wananiambia kutoka dirishani, nami najibu "Mwapoleni mukwai" kwa lafudhi ya Kinyiha, wanacheka, wananunua. Kwenye kila pakiti nilibandika karatasi yenye jina la chai, neno Mbozi na namba yangu ya simu, kwa maandishi makubwa kuliko jina la chai. Kijana aliyenichapia aliuliza kama nauza chai au nauza namba. Nikamwambia hiyo ndiyo biashara ya kisasa. Na kila aliyenunua nilimuuliza anaelekea wapi. Akisema Kitwe, nilimwongezea pakiti.

Hamkunisikia nikisema haya mlipokuwa mkifunga pakiti hizo pamoja nami. Niliwaambia namba ni ya malalamiko.

Baba alifariki mwaka ambao kutu ililamba majani ya bustani nzima, yale madoa ya kahawia mnayoyaona mvua zikizidi. Mkiyaona, kateni mapema, chomeni, msione huruma. Mimi mwaka ule sikukata, nilikuwa hospitali na baba. Siku za mwisho alikuwa akiniuliza kama geti limefungwa. Namwambia limefungwa. Anasema, "Lifungue." Hatukuzungumza zaidi ya hapo, sisi si watu wa kuzungumza zaidi ya hapo.

Msibani wanawake walitaka majani ya kuchemsha chai ya waombolezaji. Mmoja akaenda langoni na kisu, maana ndilo shina lililokuwa karibu na lililokuwa zuri. Nilitoka nje ya mkeka niliokalishwa kama mfiwa, nikavuka ua mbele ya mchungaji akiwa katikati ya sala, nikamshika mkono.

"Yapo mengine kule chini," nilisema.

"Mama, ni majani tu."

"Yapo mengine kule chini."

Shangazi Tamali alinitazama, akanyanyuka, akaenda mwenyewe na ndoo hadi chini ya mteremko, akarudi na majani yenye madoa. Chai ya msiba wa baba ilikuwa mbaya. Siku zote tatu nilikaa mahali pa kuona lango. Walikuja watu wa Mlowo, wa Vwawa, hata binamu waliotoka Kamsamba wakishangaa baridi yetu. Kila aliyepita langoni aligusa lile shina kwa nguo, harufu ikapanda, nami nikainua kichwa.

Mchaichai usipogawiwa hufa kuanzia katikati. Hili nimewafundisha na mmeliona kwenye mashina ya watu wavivu. Vichipukizi vipya hutokea nje, pembeni, vikitafuta nafasi, na vile vya zamani vya katikati vinabanana, vinakosa hewa na chakula, vinakauka. Kwa nje unaona shina kubwa la kijani, unasifiwa. Ndani kuna shimo. Ukichelewa zaidi, hata vya pembeni vinadhoofika, na siku ukiamua kugawa huna cha kugawa.

Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nikilisema kwa watu, nikielekeza kidole kwenye mashina mengine.

Mwaka huu nilipowakabidhi bustani, Sara ndiye aliyelianzisha jambo la shina hilo. Mnamjua Sara, halazimishi neno litoke tamu. Aliinama langoni, akapasua majani kwa mikono miwili kama mtu anayemtafuta mtoto chawa, akaniita.

"Madam, njoo uone shina mama lako."

"Naliona kila siku."

"Unaliona nje. Katikati kumekufa kabisa. Limebaki duara." Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa na vumbi la majani makavu. "Hapa panya anaweza kufungua duka."

"Liache."

"Mvua zimeshashika. Tukigawa wiki hii tunaokoa hivi vya pembeni. Tukiacha mpaka mwakani tunachoma moto." Akanikazia macho. "Wewe ndiye uliyetufundisha. Au lile somo lilikuwa la mtihani tu?"

Nikamwambia nitalifikiria. Alicheka, akasema wasomi wakisema watafikiria, jembe linaota kutu. Lakini aliliacha jembe limeegemea nguzo ya lango, na kila asubuhi nilipotoka nilikuta limesogezwa karibu kidogo na shina.

Siku moja simu yangu iliita, Sara akiwa hapo hapo langoni, anafunga vipando vya mteja. Namba ya Zambia. Nilizoea namba za Zambia, nikapokea kwa sauti ya biashara, nikasema karibu, unahitaji pakiti ngapi.

"Dada," akasema mtu. "Shikamoo. Ni Tito."

Nilikaa juu ya jiwe la lango.

"Marahaba," nilisema. Ndicho kilichotoka.

Alizungumza kwa haraka, kama mtu aliyejiandaa. Binti yake anaolewa. Wakwe wanauliza baba wa binti ana ndugu gani, naye akaona aibu kusema hana. Dereva mmoja humletea mke wa Tito chai ya majani, mkewe ameizoea miaka yote, juzi yeye mwenyewe ndipo alipoigeuza pakiti na kusoma Mbozi, na namba, akabahatisha kupiga. Akanipa pole ya baba. Alikuwa amesikia, alisikia wakati ule ule. Nikamuuliza kwa nini hakuja.

"Ningekuja kusema nini?" akasema. Nyuma yake mtu aliuliza jambo, akamjibu ndiyo, "Eya mukwai," kwa Kibemba laini cha mtu aliyezeeka nacho. Kisha akarudi kwangu. "Mimi ni wa huku sasa, dada. Nimejenga. Sehemu yangu ya shamba fanyeni mnavyotaka. Harusi ukiweza njoo."

"Shina lako lipo," nilisema.

"Shina gani?"

"La mchaichai. La langoni. Ulisema tusiligawe mpaka urudi."

Nilisikia gari likipita kwake.

"Vichanja navikumbuka," alisema. "Na yule mzee aliyetema kahawa. Na baba. Lango..." Akafikiri kwa uaminifu, namjua, alikuwa akitafuta kweli. "Ah. Siku ile naondoka. Lakini dada, lile si ulipanda wewe? Mimi nilichimba shimo tu. Ulikuwa unalia, ukakishika kile kipando muda wote, nikakwambia kitumbukize, nitachelewa gari."

"Ulisema utaligawa mwenyewe."

"Labda nilisema. Ulikuwa hutaki kuniachia mkono." Akacheka kidogo, cheko la zamani, kisha akaliacha. "We gawa, dada. Lilikuwa lako siku zote."

Sara alikuwa amesimama, hafungi tena, ananiangalia. Nikaiweka simu mapajani bila kuikata, nikamnyooshea mkono anipe jembe.